Kompyuta shuleni Kalunguta: tukubaliane kabla makasha hayajafika

Kila mara mradi wa elimu unapotajwa katika teritware ya Beni, neno kompyuta halikosi. Wanasiasa huliahidi wakati wa uchaguzi, mashirika huliandika katika miradi yao, na wazazi hulipenda kwa sababu hawataki watoto wao wabaki nyuma ya watoto wa Butembo, Beni au Goma. Hakuna anayepinga. Lakini mambo ambayo yangepaswa kuzungumzwa mapema huachwa hadi siku makasha yanapofunguliwa: mashine zitawekwa wapi, nani atashika ufunguo, mtoto atazigusa saa ngapi kwa juma, na zitakula umeme gani.

Maoni yetu ni haya: Kalunguta isingoje makasha ndipo ianze kujibu maswali hayo. Tena isikubali ule mgawanyo wa kila siku, ambapo kila shule hupewa mashine mbili tatu ili kila kiongozi aridhike. Mgawanyo huo unaonekana wa haki, lakini haufundishi mtoto yeyote. Ni heri mashine zote zikae pamoja, ziwe za kubebeka, zihudumie shule kadhaa zilizo karibu kwa zamu, zikiwa na mlinzi mmoja aliyefundishwa na anayelipwa. Tutaeleza kwa nini.

Somo lipo, mashine hazipo

Tuanze na jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Kompyuta si zawadi tena katika shule za Kongo, ni somo. Katika programu mpya ya sayansi iliyotengenezwa na wizara ya elimu kwa msaada wa Benki ya Dunia, wanafunzi wa darasa la 7 na la 8 wana somo linalounganisha fizikia, teknolojia na TIC, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano. Mwanafunzi wa Kalunguta anaulizwa maswali yale yale anayoulizwa mwenzake wa Kinshasa.

Mahali pasipo na mashine, mwalimu hufanya anachoweza. Anachora kibodi ubaoni kwa chaki, anaandika kwamba hii ni skrini, hii ni souris, hii ni imprimante, na wanafunzi wananakili. Siku ya mtihani wanaandika maneno hayo hayo na kupata pointi. Mwalimu hana kosa. Lakini tusijidanganye kwamba mtoto amejifunza. Ni sawa na kumfundisha mtu kuendesha pikipiki kwa kumchorea usukani.

Gharama yake huonekana baadaye. Kijana anapata diplome ya serikali, anashuka Butembo kuingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben au chuo kingine cha hapa, na anaambiwa alete kazi iliyopigwa kwa mashine. Anaiandika kwa kalamu, kisha anakwenda kwenye secrétariat public na kulipa kwa ukurasa ili mwingine ampigie. Akikuta makosa, analipa tena. Miaka yote ya masomo analipia kitu ambacho angeweza kujifunza akiwa na miaka 13.

Wanaovuka Kasindi kwenda kusoma Uganda wanakuta hali ngumu zaidi. Huko, tangu 2012, mwanafunzi wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari anapaswa kuchagua kati ya hisabati ya nyongeza na somo la kompyuta. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, kwa mfuko unaochangiwa na kampuni za simu, imejenga vyumba vya kompyuta katika mamia ya shule za serikali. Vyumba hivyo navyo vina taabu zake, lakini mtoto wa Kasese haoni kibodi kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 19.

Kenya na Peru wametuonyesha shimo liko wapi

Kuna watu watakaosema: basi tuletewe mashine nyingi, mambo mengine yatajipanga. Wengine walijaribu hivyo, nao walikuwa na pesa kuliko sisi.

Nchini Kenya, mwaka 2013, Uhuru Kenyatta na William Ruto waliingia madarakani na ahadi kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapata laptopu. Zabuni ya kwanza ilivunjwa baada ya mabishano. Mpango ukabadilishwa, na kuanzia 2016 shule zikapokea tableti badala ya laptopu, pamoja na mashine za walimu na projekta. Mwishowe zaidi ya vifaa milioni 1 vilifika katika shule za msingi za serikali zaidi ya 20,000. Kwa hesabu ya makasha, Kenya ilifanikiwa. Na tukubali kwamba kazi kubwa ilifanyika ya kufikisha umeme shuleni kwanza.

Lakini katika shule nyingi tableti ziliishia kwenye stoo. Mwalimu mkuu ndiye aliyesaini kuzipokea, na zikiibiwa yeye ndiye atakayeulizwa. Basi alifanya kama mtu yeyote mwenye akili: alizifungia. Tableti iliyofungiwa haiibiwi wala haivunjiki, na siku ya ukaguzi inahesabika. Hasara ni ya mtoto tu, na mtoto hana mahali pa kushtaki.

Peru, huko Amerika ya Kusini, ilikwenda njia nyingine. Iligawa mamia ya maelfu ya laptopu ndogo, nyingi katika shule za vijijini milimani, kwa mpango ulioitwa laptopu moja kwa kila mtoto. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Amerika ilitoa utafiti uliofanyika katika shule 319. Mashine zilikuwa zimefika kweli: kila mwanafunzi alikuwa na yake. Baada ya miezi 15, watafiti walilinganisha alama za hisabati na za lugha kati ya shule zilizopata mashine na zile ambazo hazikupata. Hawakuona tofauti. Kulikuwa na faida kidogo katika vipimo vya kufikiri kwa jumla, lakini katika masomo yenyewe hakuna. Walimu hawakuwa wameandaliwa vya kutosha, na somo la darasani liliendelea kama zamani huku mashine ikiwa pembeni.

Kenya inatufundisha kwamba mashine bila mpango wa ufunguo hufungiwa. Peru inatufundisha kwamba hata isipofungiwa, bila mwalimu aliyeandaliwa haibadilishi alama. Sisi hatuna pesa za kurudia makosa hayo mawili.

Hesabu ya mashine 18

Tuchukue mfano. Tuseme mfadhili anakuja na kompyuta 18, na katikati ya Kalunguta kuna shule 6 ambazo mtu anaweza kutoka moja kwenda nyingine kwa miguu.

Njia ya kwanza ni kugawa. Kila shule inapata 3. Mashine moja inaweza kuhudumia watoto 3 kwa wakati mmoja, wakipokezana mikono. Basi katika kila shule watoto 9 wanaweza kukaa mbele ya mashine. Kama darasa lina watoto 54, na hapa kwetu hilo ni darasa la kawaida, 45 wanabaki wanatazama migongo ya wenzao. Mwalimu hawezi kufundisha 9 na kutuliza 45. Majuma mawili anajaribu, la tatu anaacha. Mashine ya kwanza inahamia ofisini kwa direktere kuandika barua, ya pili kwa sekretere, ya tatu inaharibika na kubaki juu ya kabati. Msomaji anayejua shule zetu hatatuambia kwamba tunatia chumvi.

Njia ya pili ni kuziweka pamoja. Mashine 18 mara watoto 3 ni watoto 54. Darasa zima linakaa. Shule 6, siku 6 za masomo kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi: kila shule ina siku yake. Ndani ya siku hiyo kuna vipindi 6, yaani madarasa 6. Kila mtoto wa madarasa hayo anapata kipindi kimoja kwa juma.

Kwenye karatasi njia hizi mbili zina nafasi sawasawa. Mtu wa hesabu ataona: watoto 9 katika vipindi 36 vya juma ni nafasi 324, na watoto 54 katika vipindi 6 vya siku moja ni nafasi 324 pia. Tofauti haiko kwenye idadi. Tofauti ni kwamba katika njia ya pili mwalimu anaweza kufundisha darasa lake lote kwa pamoja. Mlinzi mmoja aliyefundishwa anatosha kwa shule 6, badala ya kutafuta watu 6. Seti moja ya plake za jua inatosha badala ya seti 6. Na mashine ikiharibika Jumanne, inaonekana Jumanne hiyo hiyo, haikai miezi kwenye kabati la mtu.

Sasa tuhesabu saa za mtoto. Mwaka wa shule, ukiondoa sikukuu, mitihani, mvua na siku za risasi, tuseme unabaki na majuma 30 ya kweli. Kipindi ni dakika 45. Hiyo ni saa 22 na nusu kwa mwaka mbele ya mashine. Kwa kuwa watatu wanapokezana, mikono yake mwenyewe inakuwa kwenye kibodi saa 7 na nusu. Si nyingi. Lakini kwa miaka miwili, darasa la 7 na la 8, ni saa 15, na mtoto aliyepata saa 15 za kuandika na kuhesabu kwa mashine anajua kufungua kazi, kuiandika, kuihifadhi na kuisahihisha. Hivyo kwanza tuhesabu saa za mtoto, ndipo tuhesabu mashine. Mfadhili akija, swali la kwanza liwe: kila mtoto atapata saa ngapi?

Kwa nini laptopu, kwa nini kasha

Mahali pa kuweka mashine Kalunguta si jambo la mafundi peke yao. Ni jambo la usalama. Oktoba 2022, Maboya, kwenye barabara hii yetu ya Butembo na Beni, waasi wa ADF walishambulia usiku, wakaua watu, wakachoma kituo cha afya na kupora dawa. Kama hospitali haikuheshimiwa, chumba cha kompyuta hakitaheshimiwa. Na hata pasipo ADF kuna wezi wa kawaida, kuna wenye silaha wasiojulikana, kuna siku ambazo shule zinafungwa kwa sababu watu wamekimbia.

Kwa hali hiyo, chumba cha kudumu chenye kompyuta kubwa za mezani na bango la mfadhili mlangoni ni kama kuwaandikia wezi barua. Tunapendekeza laptopu zinazoingia katika makasha mawili ya bati yenye kufuli, yanayobebwa na watu wanne. Mchana yanakuwa shuleni, usiku yanalala mahali palipokubaliwa na kamati, na mahali hapo panaweza kubadilishwa bila kutangazwa. Si nyumbani kwa direktere: tusimtie mtu na watoto wake katika hatari kwa ajili ya mashine. Ikibidi kukimbia, mashine ziachwe. Hakuna laptopu yenye thamani ya uhai wa mlinzi, na hilo liandikwe katika sheria za kamati ili mtu asije akalaumiwa.

Laptopu ina faida nyingine: umeme. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hula kama watti 120. Laptopu ya kawaida hula kama 40. Kwa mashine 18 zikifanya kazi vipindi 6 vya dakika 45, za mezani zitahitaji karibu kilowatti-saa 9.7 kwa siku, na laptopu karibu 3.2. Ni theluthi moja. Maana yake plake za jua ni theluthi moja, na bei pia inapungua. Tena laptopu ina betri yake ndani: wingu likifunika jua katikati ya somo, na huku kwetu milimani halikosi, mtoto anaendelea kuandika. Kompyuta ya mezani inazima na kazi inapotea.

Kuna adui wa betri ambaye sote tunamfahamu: simu. Plake zikiwekwa shuleni, juma la kwanza mwalimu anachaji telefone yake, juma la pili jirani, la tatu kuna foleni. Betri ya risasi inayomalizwa kabisa kila siku haifiki mbali. Kamati iamue tangu mwanzo. Ama hakuna simu hata moja, ama simu zinachajiwa kwa malipo, saa zinazojulikana, na pesa zinaingia katika mfuko wa kununua betri nyingine. Kitu ambacho hakifai ni kunyamaza.

Intaneti isiwe kisingizio

Watu wengi wanadhani kompyuta bila intaneti ni sanduku tupu. Wanangoja mtandao uwe mzuri, wanangoja mega zipungue bei. Mwaka 2025 mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ARPTC, ilitoa leseni kwa kampuni ya Starlink, na sasa kuna wanaosema tungoje antena hizo. Hatuna sababu ya kungoja.

Kuna programu za bure zilizotengenezwa kwa ajili ya mahali kama hapa. Kiwix inaweka Wikipedia nzima ndani ya mashine, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na inasomeka bila mega hata moja. Kolibri inabeba masomo ya hisabati na sayansi, video na mazoezi, kwa Kifaransa pia, na mashine moja ndogo inaweza kuyagawa kwa zile nyingine zote chumbani bila intaneti. Fundi anazipakua mara moja Butembo au Beni, kisha anapanda nazo. Faida ya pili ni kwa mzazi mwenye wasiwasi: mtoto hawezi kuingia kwenye picha chafu mahali ambapo hakuna mtandao.

Tena tunajua kwamba somo linaweza kumfikia mtoto kwa njia tofauti. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya Covid-19, Radio Okapi ilirusha masomo hewani na watoto walifuata kwa redio ndogo za betri. Kilichosaidia siku zile ni kwamba kulikuwa na somo lililoandaliwa na saa iliyojulikana. Kompyuta inataka vitu hivyo hivyo viwili.

Na somo lenyewe liwe la maisha ya hapa. Mtoto wa darasa la 7 apige barua ya kuomba kazi na barua ya kumwandikia shangazi. Atengeneze jedwali la kilo za kahawa au kakao za nyumbani, bei ya kila mara, na jumla ya msimu. Mashine ikimpa jibu tofauti na la mnunuzi, atajua hesabu ina kazi gani. Wa mwaka wa mwisho wa humanités ajizoeze maswali ya miaka iliyopita ya Exetat. Kiswahili kisidharauliwe: ndiyo lugha ambayo watoto wetu huanza nayo shule, na kibodi inaiandika bila taabu yoyote.

Walimu kwanza, na pesa kwa uwazi

Hapa tunafika kwenye pingamizi kubwa, nalo ni la haki. Walimu watatuuliza: mnazungumza kompyuta wakati wengine wetu hatulipwi na serikali? Mwanzoni mwa mwaka wa shule 2024-2025 walimu waliweka chaki chini wakidai mshahara unaofaa. Kuna wale wanaoitwa NU, wanaofundisha miaka bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo. Kuna madarasa ambayo watoto wanakaa juu ya mawe. Mtu anaweza kusema kwa dhamiri njema: tupeni madawati kwanza.

Hatuna jibu la kumfunga mtu huyo mdomo. Kama pesa ni zile zile na shule haina paa, anunue bati. Lakini mara nyingi pesa za mradi wa kompyuta haziwezi kugeuzwa madawati. Zisipokuja Kalunguta zitakwenda kwingine. Hivyo tunachoweza kufanya ni kudai kwamba sehemu yake iende kwa watu. Mradi unaolipa mashine 18 lakini haulipi mlinzi wala siku za mafunzo ya walimu ni mradi wa nusu. Kamati iwe na ujasiri wa kusema: tuletee mashine 14, na bei ya hizo 4 iende kwa mlinzi na walimu. Madarasa makubwa yatabanana kidogo, lakini mashine zitakuwa na mtu.

Trimesta ya kwanza mashine ziwe za walimu peke yao. Mwalimu anayejua kujumlisha pointi za darasa lake kwa jedwali, badala ya kukesha na kalkuleta, hataogopa kusimama mbele ya watoto. Mwalimu aliyeletewa mashine juma moja kabla ya wanafunzi atatafuta sababu ya kutozifungua, na hatutamlaumu.

Juu ya pesa za wazazi, tuwe wazi. Elimu ya msingi katika shule za umma ni bure tangu Septemba 2019. Kompyuta isiwe mlango wa nyuma wa kurudisha malipo. Katika sekondari, ambako wazazi bado wanalipa, kama kuna pesa inayoitwa ya informatiki, basi mzazi ana haki ya kuuliza mtoto wake aligusa mashine mara ngapi trimesta hii. Swali hilo si utovu wa adabu kwa prefe. Ndiyo maana tunadai daftari moja ndani ya kasha: tarehe, shule, darasa, idadi ya watoto, mashine zilizofanya kazi, sahihi ya mwalimu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mfadhili akirudi baada ya mwaka, asionyeshwe mashine zilizofutwa vumbi, aonyeshwe daftari.

Nani aamue

Shida kubwa ya pendekezo letu si umeme wala wezi. Ni sisi wenyewe. Shule za hapa ni za mikono tofauti: kuna za Wakatoliki, kuna za CBCA na makanisa mengine ya Kiprotestanti, kuna za Waadventista, kuna zile za serikali. Kila koordinasioni ina heshima yake, na kila moja ingependa kasha lilale kwake. Tunajua pia kwamba shule za mbali, kule mashambani, hazitafikiwa na kasha linalobebwa kwa miguu. Hizo zitahitaji kasha lao, na zisidanganywe kwamba zamu ya katikati itawafaa.

Lakini watu wa Kalunguta wana kumbukumbu ya kutosha juu ya miradi iliyoamuliwa bila wao. Katika janga la Ebola lililotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, zone ya afya ya Kalunguta ilikuwa kati ya zile zilizoguswa. Jumla ya wagonjwa 3,470 waliandikwa, na 2,287 walifariki. Waliokuja kusaidia walikuja na magari mengi na maneno mengi, na mahali pengi watu walikataa, si kwa sababu walipenda ugonjwa, bali kwa sababu mambo yalipangwa juu ya vichwa vyao. Palipokaliwa chini na wakubwa wa mitaa, akina mama na viongozi wa dini, kazi ilikwenda. Kompyuta si Ebola, lakini mradi ni mradi.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na yote yanaweza kuanza kabla ya mashine hata moja kufika.

Kamati za wazazi, COPA, za shule zilizo karibu zikae pamoja na wakuu wa shule na kuchagua kamati moja ya kasha. Ndani yake wawepo akina mama, maana ndio wanaojua binti yao anarudi saa ngapi, na mwanafunzi mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Sheria ya kwanza iwe kwamba mlango unakaa wazi wakati wa somo, na hakuna mtoto anayebaki peke yake na mwenye ufunguo.

Wakuu wa shule wakubali kwamba ufunguo una watu wawili, mlinzi na mwakilishi wa wazazi, na kwamba mashine za watoto hazihamii ofisini. Kama ofisi inahitaji mashine, iombwe kwa jina lake, peke yake.

Sous-division ya elimu iingize saa hizo katika ratiba rasmi na kumpa mkaguzi kazi ya kusoma daftari, si kuhesabu makasha. Kitu kisicho kwenye ratiba hufutwa siku ya kwanza kunapotokea haraka.

Na wafadhili, wenyeji au wageni, pamoja na watoto wa Kalunguta walio Butembo, Kampala, Kinshasa na Ulaya, wanaotaka kufanyia kijiji chao jambo jema: kabla ya kununua, ulizeni kamati inataka nini. Mashine chakavu iliyokataliwa na ofisi ya mjini, isiyo na betri, inayokula umeme kama jiko, si msaada. Laptopu iliyotumika lakini ikapimwa na fundi, yenye chaja yake, ni msaada mkubwa.

Ratiba, kamati, daftari na mlinzi havingoji meli wala ndege. Mwezi mmoja wa mikutano unatosha. Kama siku mashine zitakapofika mambo hayo yatakuwa tayari, mtoto wa darasa la 7 atakaa mbele ya kibodi juma hilo hilo. Kama hayatakuwa tayari, zitapigwa picha, zitasainiwa, na zitakwenda kulala kwenye kabati la mtu.